Faili Haijapotea

Kompyuta yangu ilianza kulalamika mwezi wa Machi. Kila nikiiwasha, ujumbe ulichomoza kwenye kona ya chini kuniambia nafasi inakwisha, nami niliufunga kama mtu anayefunga mlango akimwona mdai. Wiki ya tatu ikakataa kuhifadhi kurasa nilizokesha nikiandika. Hapo ndipo nilipoitia kwenye begi nikashuka nayo hadi saiba ya mtaani, hapa Kahawa Wendani, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba ninahitaji diski ya nje. Mfukoni nilikuwa na elfu nne, na nusu yake ilikuwa ya kodi.

Jamaa wa saiba hakuniuzia diski. Aliigeuza kompyuta ikamwelekea, akauliza, "Kwani humu ndani uko na nini?"

"Kazi," nikasema. "Kazi, picha, ngoma, vitu tu."

"Vitu gani?"

Nikanyamaza. Miaka sita nimebeba mashine hii mgongoni, nimelala nayo kitanda kimoja, nimeikinga mvua kwa koti langu mwenyewe, na nilipoulizwa ina nini nilishindwa kutoa hata sentensi moja kamili.

Alibofya ile folda ya manjano iliyo chini ya skrini, ile ambayo kila Windows huja nayo na ambayo jina lake rasmi ni File Explorer. Mimi nilikuwa nikiitumia kama mlango wa stoo: nafungua, natupa kitu, nafunga haraka kabla vingine havijaniangukia. Yeye alienda kwenye kisanduku cha kutafutia, juu upande wa kulia, akaandika herufi chache: size:>1GB. Akangoja. Faili kubwa zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine: filamu moja niliyoipakua mara tatu, video za harusi ya binamu, na nakala nzima ya simu niliyoibiwa miaka miwili iliyopita. Dakika kumi baadaye nilikuwa na nafasi ya kunitosha mwaka mzima. Akanilipisha shilingi mia.

"Siku nyingine," akasema akinirudishia, "uliza mashine kabla hujauliza bei."

Nafasi ile ilinifurahisha kwa siku mbili. Swali lake limekaa nami hadi leo. Uko na nini humu ndani? Lilitoka kwa fundi, lakini ukilitazama vizuri ni swali la maadili. Je, mtu anawajibika kwa kitu alichonacho ikiwa hajui kwamba anacho? Na itakuwaje ikiwa kutojua kwenyewe amekuchagua, kwa sababu kujua kungemgharimu?

Usiku huo sikuandika kitu. Nilikaa nikijifunza chombo nilichokuwa nacho tayari. Ukibonyeza Alt na P kwa pamoja, upande wa kulia hufunguka kidirisha cha kuchungulia, na unasoma faili bila kuifungua. Ukichagua faili hamsini, ukabonyeza F2 na kuandika jina moja, zote hupata jina hilo na nambari zake. Ukijuta, Ctrl na Z hurudisha majina ya zamani. Ukiandika kind:document kwenye kile kisanduku, picha na muziki hukaa kando, maandishi yakabaki peke yake. Ukiongeza datemodified:2019, hubaki yale uliyoyagusa mwaka huo tu. Hata maneno yaliyo ndani ya waraka hutafutika, mradi folda yenyewe iwe miongoni mwa zile ambazo Windows huzisoma mapema na kuzitengenezea faharasa. Na ukiipanga orodha kwa mtindo wa maelezo, kisha ukabofya kulia kwenye vichwa vya safu, unaweza kuongeza safu ambazo hukujua zipo: tarehe ya kuundwa, idadi ya kurasa, mwandishi.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniharibia usingizi. Nitaifikia.

Mengi ya haya ni mambo ya kale. Windows 3.0 ilikuja na programu yake ya kupanga faili mwaka 1990. Windows 95 ikaleta Explorer mwaka 1995, na jina la File Explorer likaja na Windows 8 mwaka 2012. Yaani babu wa chombo hiki alizaliwa kabla yangu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilikuwa karibu kuuacha mbacha ambao sikuwahi hata kuukunjua.

Picha yenyewe ya folda ilitoka ofisini. Xerox walipotoa kompyuta yao ya Star mwaka 1981, walimchorea mtumiaji meza, folda na droo za faili kwenye skrini. Macintosh ikaieneza picha hiyo mwaka 1984, pamoja na pipa la taka. Walitaka mtu wa ofisini akae mbele ya mashine bila kuogopa. Matokeo yake, kila mmoja wetu mwenye kompyuta amefanywa karani wa masjala ya maisha yake mwenyewe, bila mafunzo na bila mkubwa wa kumkagua. Na masjala, sisi Wakenya tunazijua.

Tunajua uzito wa maneno "faili haionekani". Kuna kesi zilizolala kwa sababu yake, mashamba yaliyobadilisha wenyewe, wazee waliozeeka wakifuatilia pensheni. Mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza mwaka 2018, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipomsindikiza mama hospitalini.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Kadi yake ikachukuliwa, tukaketi kwenye benchi. Saa nne faili ilikuwa bado haijaonekana. Saa saba karani akasema huenda iko kwa daktari. Saa tisa akasema huenda haipo kabisa, kwa hivyo tufungue nyingine, tulipe tena, na vipimo virudiwe kwa kuwa majibu ya zamani yalikuwa ndani ya ile isiyoonekana. Mama hakugomba. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, maana kwake hospitali ni mahali pa heshima. Jioni alivivua akatembea pekupeku hadi stejini kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

Faili ilipatikana mwezi mmoja baadaye. Ilikuwa kwenye rafu ileile, imeingizwa ndani ya faili ya mtu mwingine. Wakati wote huo ilikuwa mahali. Hakuna aliyejua tu.

Siku ile niliondoka na fikra moja ambayo nimeibeba tangu hapo: fujo ina gharama, na mara nyingi anayelipa ni mtu mwingine. Karani alienda nyumbani saa kumi na moja kama kawaida. Mama ndiye aliyelipa mara mbili, akalipa tena kwa miguu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kupanga vitu ni tabia ya mtu tu, kama kupenda chai ya maziwa au ya rangi. Unapokuwa umeshika kitu ambacho mwingine atakihitaji, mpangilio wako unamhusu. Hata sheria yetu inalijua hilo. Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini haki hiyo ingekuwa maneno matupu kama serikali ingeweza kujibu kwamba habari zipo, ila hatujui ziko wapi. Kwa hiyo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 17, ikailazimisha kila taasisi ya umma kutunza rekodi kwa namna inayowezesha haki hiyo. Kwa maneno ya mtaani: huwezi kujificha nyuma ya stoo yako mwenyewe.

Msomaji anaweza kuniuliza kama ninahubiri unadhifu. Hapana. Mama hana kompyuta. Ana mkebe wa biskuti mvunguni mwa kitanda, na humo ndani mna kadi za kliniki, risiti za karo, barua za kaka yake aliyefariki na karatasi za shamba, zote zimekunjwa pamoja. Mgeni akiufungua ataona takataka. Lakini muulize mama chochote, usiku, stima ikiwa imepotea. Ataingiza mkono na kukutolea. Hiyo si fujo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mama liko kichwani mwake. Fujo ninayoizungumzia ni ile ya mtu ambaye angeweza kujua alichonacho, ana chombo cha kumwonyesha, na hainami kutazama. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali ni kuhusu yule asiyetaka cha mvunguni kionekane.

Sasa nirudi kwenye safu ya mwandishi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhindikana. Kilichonilisha tangu hapo ni kuandikia watu. Ukisema hivyo kwenye mitaa ya huku Thika Road, iliyojaa wanafunzi na waliowahi kuwa wanafunzi, hakuna anayekuuliza zaidi. Mwanafunzi aliye Marekani, Uingereza au Australia anataka insha. Anailipia kwenye tovuti. Mtu mwenye akaunti anaichukua hiyo oda, anakata chake, anakupa wewe maagizo na saa ya mwisho. Unaandika usiku. Yeye anapata alama, wewe unapata kodi ya wiki. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa kuhusu vyuo vya England, ikafanya kuwa kosa kuuza au kutangaza huduma hii. Mwanafunzi anayenunua haiadhibu. Huku kwetu maisha yaliendelea.

Kabla ya kutuma kazi nilifuata hatua moja niliyofundishwa siku ya kwanza kabisa na mwenye akaunti. Bofya kulia kwenye faili, fungua sifa zake, nenda kwenye maelezo, na pale chini kabisa chagua kuondoa sifa na taarifa binafsi. Jina langu, ambalo programu ya kuandikia huliweka yenyewe kwenye kila waraka ninaouanza, linaondoka. Hiyo nayo ni kazi ya File Explorer. Nilikuwa nimeitumia kwa miaka bila kufikiria. Kati ya uwezo wote wa chombo hiki, ule mmoja niliokuwa nikiujua vizuri ni ule wa kujifuta.

Usiku ule nilitafuta nyaraka zote za kompyuta nzima, nikaongeza safu ya mwandishi, nikazipanga kwa makundi. Kundi la kwanza lilikuwa na jina langu: faili 38. Mashairi, hadithi mbili ambazo hazijaisha, barua za kuomba kazi. Kundi la pili halikuwa na mwandishi. Lilikuwa na faili 611.

Nilizishusha kwa kidole, zikashuka, zikashuka. Zamani zilikuwa zimetawanyika ndani ya "New folder", "New folder (2)", "fainali", "fainali kabisa", "tuma hii". Huko zilikotawanyika, kila moja ilikuwa jambo dogo: kazi moja, usiku mmoja, deni moja limelipwa. Zilipokaa kwenye orodha moja zilikuwa ujana wangu wote. Nilikuwa nikidhani fujo yangu ni uvivu. Kumbe ilikuwa wakili wangu. Kila siku ilisimama kunitetea mbele yangu mwenyewe, na hoja yake ilikuwa moja tu: huyu hajui, msimuulize.

Wapo wanaosema mambo ya folda yamepitwa na wakati. Mbona upange, wakati unaweza kutafuta? Andika neno, kitu kije. Nami nimekwisha kusifu kutafuta hapo juu. Lakini kutafuta kunakupa kile ulichouliza, na hakuna siku ambayo ningeuliza, "Nionyeshe kila nilichokiandika nikakiuza bila jina." Nililiona hilo kwa sababu nilipanga. Orodha haikungojea niwe na ujasiri wa kuuliza.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu alinipigia simu. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea uuguzi, na sehemu ya karo yake hutoka kwenye hizo faili 611. Walikuwa wamepewa insha ya tafakuri: andika kuhusu mgonjwa aliyesubiri huduma, na ulichojifunza.

"Si uliwahi kuandika kitu kama hiyo?" akaniuliza. "Nitumie tu nione vile inakaa. Sitanakili."

Zamani ningemjibu: iko mahali, sijui wapi. Na ningekuwa nasema kweli. Fujo ina ukarimu huo. Hukuwezesha kukataa bila kukataa, bila kugombana na mtu na bila kujieleza. Lakini sasa nilijua kwamba ningeipata kabla hajamaliza kusalimu. Sentensi ileile, maneno yaleyale, ilikuwa imegeuka uongo. Sikubadilika mimi. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimejua.

Nikamwambia nitampigia. Nikaandika kwenye kisanduku maneno mawili ya Kiingereza, la benchi na la faili. Waraka mmoja ukaja. Alt, P.

Kwenye kile kidirisha nilisoma kuhusu mwanamke mzee aliyefika hospitalini saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa viatu vya kanisani. Nilisoma kuhusu karani aliyesema faili haionekani. Nilisoma alivyovua viatu jioni akatembea pekupeku. Mahali pa "mama" niliandika "nyanya", kwa sababu mteja alitaka iwe nyanya. Malipo nayakumbuka kwa kuwa niliyaandika kwenye jina la faili: 1,800.

Nilikuwa nimeuza miguu ya mama kwa shilingi elfu moja na mia nane, na nilikuwa nimesahau.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwangu mwenyewe hapa. Njaa ni hoja. Mteja alitaka, mimi nilitaka, hakuna aliyelazimishwa. Aliyedanganya mwalimu ni yeye, mimi nilifanya kazi nikalipwa, kama fundi wa viatu asiyeuliza mwenye viatu anaenda wapi. Hoja hizi nimezitumia miaka mingi na bado sidhani kwamba ni za kijinga. Lakini fundi wa viatu anaweza kuulizwa. Kibanda chake kiko pale, kiatu kikiachia unamrudia. Mimi nilikuwa nimeuza kazi na nikauza pia uwezekano wa kuulizwa.

Hapo nikamkumbuka H. Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Nilimsoma kwenye somo moja kabla sijaacha masomo. Wakati wake, wasomi wengi waliandika kuhusu fikra za Mwafrika kana kwamba hazina mwenyewe: kabila fulani linaamini hivi, watu wa huko husema vile. Oruka na wanafunzi wake walienda vijijini wakakaa na wazee wenye busara, wakawauliza maswali, wakawabishia, wakaandika majibu yao kwa majina yao. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo, Sage Philosophy, kilitoka mwaka 1990, na ndani yake wamo watu kama Paul Mbuya Akoko wakijibu kama watu, kila mmoja kwa akili yake. Nilipokisoma darasani nilidhani jina lilikuwa suala la heshima tu. Sasa naona lilikuwa zaidi ya heshima. Fikra yenye jina ina mtu wa kumrudia: hapa ulimaanisha nini? Bado unaamini hivyo? Fikra isiyo na jina huwezi kuibishia. Huwezi hata kuishukuru. Wajibu na jibu ni maneno yenye asili tofauti, lakini sikio langu haliachi kuyaweka pamoja.

Na mimi nilikuwa nimefanya kinyume cha kazi ya Oruka. Nilimchukua mzee mmoja mwenye jina, aliyeketi kwenye benchi fulani, tarehe fulani, nikamfanya nyanya wa mtu yeyote.

Usiku huo nilichagua faili zote 611, nikaweka kidole kimoja kwenye Shift na kingine kwenye Delete. Ukifanya hivyo, faili hazipitii pipa la taka. Unaulizwa mara moja, basi. Ilinijia kama toba. Lakini nilikuwa nimejifunza kidogo jinsi mashine inavyofanya kazi. Ukihamisha folda kubwa ndani ya diski ileile, kazi hukwisha papo hapo kwa sababu hakuna kilichohama: kilichobadilishwa ni maandishi ya daftari yanayosema iko wapi. Kufuta nako, hasa kwenye diski za zamani zinazozunguka, ni hivyohivyo. Daftari huambiwa lisahau, na maandishi yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ningefuta, ningekuwa nimeirudisha fujo kwa njia ya mkato. Insha zingebaki kwenye vyuo vyao, na alama kwenye vyeti vya watu. Mimi tu ndiye ningekuwa nimepata tena ruhusa ya kusema sijui.

Nikaondoa vidole. Nikampigia mdogo wangu nikamweleza yote, kuanzia kwa jamaa wa saiba.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. "Kwa hivyo hiyo ni ya Mama," akasema.

"Ni ya Mama."

"Basi siitaki. Nitamuuliza mwenyewe."

Akamuuliza. Jumapili walizungumza saa nzima, na jioni akanipigia kunisomea alichoandika. Nilisikiliza viatu, benchi, faili, yote niliyoyajua. Kisha akafika mahali nisipopajua. Saa nane mchana, wakati mimi nimetoka kutafuta mahali pa kuchaji simu, yule karani alitoka nyuma ya dirisha lake akamletea mama chai na mandazi mawili. Akamwambia kwamba yuko peke yake kwenye masjala ile, wenzake wawili hawajaja, na kwamba anamwomba msamaha. Mama alikuwa hajawahi kunitajia. Hakuona kama lilinihusu.

Miaka yote hii nimekuwa nikisema karani hakulipa chochote. Nimelisema hata hapo juu kwenye insha hii, na nimeliacha lisimame ili msomaji aone jinsi mtu anavyoweza kuwa na faili, akaipata, akaisoma, na bado isiwe kamili. Sijui niseme nini kuhusu hilo, ila kwamba nisingelijua kamwe kama ningemtumia mdogo wangu ule waraka, au kama ningemwambia umepotea.

Faili 611 bado ninazo. Nilizichagua kwa pamoja, nikafungua sifa zake, nikaenda kwenye maelezo, na mahali pa mwandishi nikaandika jina langu mara moja kwa zote. Haikuchukua muda. Nakala zilizo ng'ambo hazikubadilika hata moja, na sidai kwamba kitendo hicho kililipa deni lolote. Kilichobadilika ni kwamba kwenye masjala ninayoisimamia mimi, akija mtu kuuliza, yupo wa kujibu.

Tangu hapo nimekataa oda mbili. Ya tatu iliingia jana: kurasa tano, tafakuri ya muuguzi, malipo mazuri kuliko kawaida, na kodi ni tarehe tano. Maagizo yake nimeyapakua. Yako kwenye folda niliyoibonyeza F2 nikaipa jina "Sijaamua". Najua iko wapi.